Chini ya gugu maji mita inasoma 0.4. Mkono wetu wa mto umekufa, au napima vibaya?

KatibuMkono · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Mara, upande wa Butiama, kwenye ardhioevu ya Mto Mara kabla maji hayajafika Daraja la Kirumi. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji chetu. Shule niliishia kidato cha nne, ila baiolojia niliipenda, na daftari la vipimo nalitunza kama ninavyotunza la VICOBA.

Tuna mahali tunapaita Mkono. Zamani mto ulipita pale, ukahama, ukaacha mfereji mpana wa kama mita 600 wenye mdomo mmoja tu. Mvua ikiwa kubwa maji huingia, kisha yanatuama. Nilipokuwa mtoto katikati palikuwa peupe na pembeni mafunjo. Asubuhi vifaranga vya sato vilijazana ukingoni mwa mafunjo kama pumba zilizomwagwa majini, na wazee wa uvuvi walikataza kabisa kutega nyavu mle. Leo gugu maji limefunika kuanzia mdomoni hadi karibu na mkia. Yangeyange wanatembea juu yake kama uwanjani.

Mradi mmoja uliokuja hapa ulipoisha ulituachia mita ya oksijeni, ya pH, na ya kupima upitishaji umeme wa maji. Tangu mwezi wa tano, kila Jumatano, mimi na kijana mmoja mwenye mtumbwi tunapima vituo vinne mara mbili: saa moja kasorobo asubuhi na saa tisa alasiri. Kina ni sentimita 30 kutoka juu. Wastani wa wiki saba, miligramu za oksijeni kwa lita:

Mtoni, mita 200 juu ya mdomo: asubuhi 6.1, alasiri 6.5
Mdomoni, ukingo wa gugu: asubuhi 2.3, alasiri 4.6
Katikati, chini ya gugu: asubuhi 0.4, alasiri 0.6
Mkiani, ambako bado pana uwazi: asubuhi 1.9, alasiri 5.8

Wiki mbili zilizopita nilisoma namba hizi kwenye mkutano wa kijiji. Mama mmoja akasimama akauliza, "Katibu, hiyo nukta nne maana yake nini?" Nikajibu kwamba ni ndogo. Akauliza ndogo kuliko nini. Sikuwa na jibu, na swali lile halijaniacha tangu siku hiyo.

Kijiji kimegawanyika. Vijana wanataka msaragambo, gugu lote ling'olewe kwa siku tatu. Mfanyabiashara mmoja anasema tuchange pesa tununue dawa ya kuua magugu, ataileta yeye. Na wapo wazee wanaosema ndani ya mafunjo maji yalinuka tangu enzi za babu zao, kwa hiyo hatuna tatizo.

Mimi nina hofu. Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea, wengine tukawaona kwa macho yetu hapa. Kamati ya serikali ikasema oksijeni ilishuka kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na uozo wa mimea. Watu wengi hawakuyakubali maelezo yale, na huku kwetu hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye vipimo vya mwezi mmoja kabla, wa kukubali wala wa kukataa. Sitaki turudi hapo.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Mita hii niiamini? Kipi kingine nipime? Na tukigusa gugu hili, nipime vipi ili mtu asiyetupenda naye aamini?

---

MzeeWaMtumbwi · Jumapili, saa 3:35 usiku

Mama Katibu, shikamoo kwa kazi hiyo. Mimi nimevua Mara Bay na mtoni miaka zaidi ya thelathini, mita sijawahi kuishika, nitakwambia ninachosoma mimi.

Kwanza, samaki gani wamebaki humo? Ukipata kamongo na kambale peke yao, maji yamekwisha pumzi. Hao wawili hupanda juu wakavuta hewa, ndiyo maana wanaishi hata kwenye tope. Sato akiwa na shida utamwona alfajiri mdomo uko juu, anahema. Sangara huwezi kumkuta kabisa, yeye maji mazito hayavumilii. Ningu naye hupita tu mvua ikija.

Pili, chomeka mti mrefu hadi chini, uutoe, unuse ncha. Ukinuka yai viza na tope ni jeusi tii, chini hakuna uhai. Ukinuka majani tu yaliyooza, bado kuna afadhali.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Huku jua linatoka saa moja kasoro, na viboko wanarudi majini muda huohuo. Huo mfereji wenye mdomo mmoja ndio njia yao. Usiingie kabla hujaona vizuri ng'ambo ya pili, na mtumbwi usikae kati ya kiboko na maji mengi. Mamba naye hujilaza juu ya gugu ukadhani gogo. Namba haina thamani ya kijana wa watu.

---

Bureti_Mwanza · Jumatatu, saa 6:20 mchana

Katibu, nimefanya kazi maabara ya maji miaka kumi na minne, na daftari lako ni zuri kuliko mengi niliyoletewa na watu wenye shahada. Saa unazo, kina unacho, vituo unavirudia. Sasa tuikague mita.

Ya kwanza ni mwinuko. Mita za namna hiyo unazirekebisha hewani, nazo zinaamini hewa ya hapo imejaa oksijeni asilimia 100. Lakini ni lazima uziambie uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 pale Tanga yanaweza kubeba miligramu 8.26 kwa lita. Sisi wa Ziwa Victoria tuko kwenye mita 1,134 hivi, hewa ni nyepesi, na maji yaleyale hubeba kama 7.2 tu. Mita ikiwa bado imewekwa sifuri, kila namba unayosoma imeongezewa. Fungua sehemu ya mipangilio uangalie. Ukikuta sifuri usilie, maana kama ulikuwa unairekebisha hewani kila asubuhi, zidisha namba zako za zamani kwa 0.87 na utakuwa umeziokoa zote. Ile 6.1 ya mtoni itakuwa kama 5.3.

Ya pili ni kichwa cha mita. Kina utando mwembamba wa plastiki na maji ya dawa ndani yake, au kina kifuniko cha rangi kinachomulikwa na taa? Cha utando hula oksijeni kidogo wakati kinapima. Ukikishikilia tuli kwenye maji yaliyotuama, kinamaliza oksijeni iliyokizunguka na namba inashuka yenyewe. Kitikise polepole, kama unakoroga chai bila kutaka imwagike, hadi namba itulie. Cha taa hakihitaji kutikiswa, subiri tu.

Ya tatu, sifuri. Mita nyingi zilizochoka haziwezi kusoma sifuri. Nenda shule ya sekondari iliyo karibu, muombe mwalimu wa kemia kijiko cha sodiamu salfaiti, uikoroge kwenye glasi ya maji, uache dakika chache. Maji hayo hayana oksijeni. Mita ikisoma 0.3 humo, basi 0.4 yako ya chini ya gugu ni sawa na hakuna kitu.

Na namna ya kuingia kwenye gugu. Watu wengi huchana tundu, wanavuruga, wanapima hapohapo, na wanachopima ni hewa waliyoingiza wao. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, lishushe taratibu katikati ya mimea, ngoja dakika kumi, ndipo upitishe kichwa cha mita ndani yake.

Kuhusu kipi uongeze: usikimbilie fosfeti na naitreti. Utalipia maabara, na zaidi ya hapo majibu yanaweza kukupotosha. Gugu linanyonya virutubisho, kwa hiyo maji chini yake yanaweza kuonekana masafi ilhali mbolea yote iliyoshuka kutoka mashambani imo ndani ya majani na mizizi. Ile mita ya upitishaji umeme ndiyo mali uliyoisahau. Namba yake kwenye maji yanayotuama kwa kawaida hupanda kidogo kidogo kuliko ya mtoni. Kwa hiyo ukipima mtoni na katikati ya Mkono siku moja, tofauti yake inakuonyesha kama maji ya mto yanafika ndani au yanaishia mdomoni. Haina gharama yoyote. Pima pia joto, juu na chini.

Sasa swali la yule mama. "Ndogo kuliko nini" ndilo swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa kwenye mkutano huo, na wazee wako nao hawajakosea. Ndani ya mafunjo oksijeni huwa chini kiasili. Kivuli, upepo haupiti, majani yanaoza. Furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, waliponea huko sangara alipotawala ziwa, kwa sababu yeye hawezi kuwafuata kwenye maji yasiyo na pumzi. Kwa hiyo ukimwambia mtu oksijeni ni ndogo, bado hujamwambia kwamba gugu limeharibu chochote.

Unahitaji pacha. Tafuta mkono mwingine wa mto, wa ukubwa na kina kinachokaribiana, wenye mafunjo lakini hauna gugu. Pima yote miwili siku moja, kwa saa zilezile. Bila pacha, mvua ikinyesha na namba zikapanda utadhani ni kazi yenu, na mafuriko yakileta maji machafu mtalaumiwa ninyi.

Na hiyo dawa, msinunue. Kuweka sumu kwenye maji ya umma si jambo la kuchangishana mkutanoni, kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, waandikieni. Zaidi ya hilo, gugu lililokufa kwa dawa linazama palepale na kuoza palepale. Mnaweza kujitengenezea Machi 2022 yenu wenyewe.

---

Nyando_Chini · Jumatatu, saa 4:48 usiku

Hujambo dada Katibu. Mimi ni Mkenya, niko Nyakach, karibu na mahali ambapo mto Nyando unamwaga maji kwa Ghuba ya Winam. Hii vita tumepigana nayo tangu nikiwa mtoto. Mwaka wa 1998 ghuba yetu ilikuwa na karibu hekta 17,000 za gugu. Nakumbuka baba akishinda siku tatu hawezi kutoa mashua, na sisi tunakula ugali na mboga za kienyeji huku ziwa liko hapo mbele ya mlango.

Nataka kuongezea mambo ambayo Bureti hajagusa.

Gugu linatembea. Kwetu ziwani linahama na upepo usiku mmoja. Kwako huko litakaa, mpaka mafuriko yaje yalisukume. Kwa hivyo kila ukipima, andika pia gugu limefunika kiasi gani hapo kwa kituo. Piga kigingi ukingoni, simama hapo kila Jumatano, piga picha kwa simu ukiangalia upande uleule. Baada ya mwaka hizo picha zitakuwa na nguvu kuliko hata namba. Ukiwa na mtu mwenye kompyuta, picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure, zinakuja kila siku tano kama hakuna mawingu, na doa moja ni mita kumi kwa kumi. Mfereji wa mita 600 utaonekana.

Ya pili, angalia ni gugu lipi. Kama ni lile la maua ya zambarau lenye shina lililovimba kama kitunguu, hilo ndilo la zamani. Lakini siku hizi kuna salvinia, ndogo, imelala bapa na ina manyoya juu ya jani. Ndiyo ilisumbua vivuko vyenu pale Kigongo na Busisi mwanzoni mwa 2025. Hiyo inaziba maji kabisa kama kifuniko cha sufuria. Usiandike "gugu" tu kwa daftari, andika jina lake.

Ya tatu, chunguza majani. Ukiona makovu mengi ya mviringo, madogo kama punje ya mtama, fukusi, wale wadudu wanaokula gugu, wako tayari kazini. Wale fukusi wa Neochetina waliachiliwa Uganda 1995 na kwetu 1997, wakasambaa ziwa lote. Wao pamoja na mawimbi na ile hali ya hewa ya El Niño ndio walivunja gugu letu, kufikia mwaka wa 2000 ghuba ilikuwa karibu wazi. Lakini lilirudi, maana mbegu zake zinalala kwa tope miaka mingi sana na bado zinaota. Na gugu likiachwa lizame lote kwa mpigo, kuna harufu na kuna samaki wanaokufa. Kuna wakati mashine zililetwa huku zikalikatakata vipande na kuviacha humo humo ndani ya maji. Watu wa ufuo hawajasahau.

Kwa hivyo kwa hao vijana wa siku tatu: nguvu zao ni baraka, lakini mking'oa yote mara moja mtavuruga tope lote lisilo na hewa, na halitakuwa na pa kwenda ila kwa mdomo mmoja, kwa mto. Fungueni kidogo kidogo. Na kila mnachotoa kiende mbali na maji. Karibu yote ni maji tu, asilimia tisini na kitu, likikauka mtashangaa linabaki kidogo vipi.

Na vijana wavae buti ndefu. Konokono wa kichocho wanapenda sana hiyo mizizi. Mimi mwenyewe nilitibiwa mara mbili.

---

KatibuMkono · Jumanne, saa 12:05 jioni

Mungu awabariki nyote. Mzee wangu, marahaba, na nimemsomea kijana wa mtumbwi maneno yako yote mawili, ya kiboko na ya mamba. Hatutatoka tena kabla ng'ambo haijaonekana.

Bureti, nimefungua mipangilio. Ilikuwa sifuri. Wiki saba zote. Nilikaa nikaitazama ile sifuri muda mrefu, maana namba zile nimezisoma mbele ya watu. Ila hewani nilikuwa nairekebisha kila asubuhi, nina tarehe na saa. Kichwa ni cha utando, na kwa kweli nilikuwa nakishikilia tuli kabisa nikidhani ndiyo uangalifu.

Nitarudi nikiwa na pacha.

---

KatibuMkono · Alhamisi, wiki nne baadaye, saa 2:40 usiku

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa urefu.

Mwalimu wa kemia alitupa sodiamu salfaiti na akaja mwenyewe na wanafunzi sita wa kidato cha tatu kuangalia. Kwenye maji yale ya sifuri mita ilisoma 0.3. Kwa hiyo chini ya gugu letu hakuna oksijeni, tunaweza kusema hivyo bila kigugumizi. Namba za mtoni nimezizidisha kama ulivyosema, ni 5.3. Za ukingoni mwa gugu nimeziwekea alama ya nyota, kwa sababu sikutikisa kichwa na siwezi kujua zilipungua kiasi gani. Sikuzifuta. Ziko palepale daftarini na maelezo pembeni.

Pacha tumempata. Ni mkono mwingine, mwendo wa dakika arobaini kwa kasia kuelekea ziwani, mafunjo pande zote na hakuna gugu hata mche mmoja. Wenyeji wake walitaka kujua kwanza tunatafuta nini, tukakaa nao nusu siku, na sasa mtoto wao mmoja anapima pamoja nasi.

Jumatano ya kwanza niliingiza bomba ndani ya mafunjo ya pacha. Asubuhi, 0.8. Nikahisi ubaridi mwilini. Nikawaza, basi wazee walisema kweli, tumekuwa tukipigana na kitu ambacho kilikuwepo tangu zamani. Yule kijana akanitazama, mimi nikatazama maji.

Halafu tukasogea hatua sita, tukatoka kwenye mafunjo na kuingia katikati ambako pako wazi. Asubuhi ileile, 3.4. Alasiri 6.0. Na ukingoni kabisa, mafunjo yanapokutana na maji meupe, vifaranga. Nilikuwa sijawaona wamejazana vile tangu niko darasa la pili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lililopinda. Ndani ya mafunjo hewa ilikuwa ndogo siku zote, kwa pacha na kwetu pia. Kilichopotea kwetu ni ule uwazi wa katikati, na pamoja nao ukingo mzima wa kulelea samaki. Gugu limejaza mahali ambapo mafunjo hayakuwahi kufika.

Kwa hiyo nikaacha vituo vinne, tukapiga vigingi 12 kwa mstari, kuanzia mdomoni hadi mkiani, kwenye mikono yote miwili. Kila kigingi tunauliza jambo moja: asubuhi, je, maji yana zaidi ya miligramu 2 kwa lita? Nilichagua 2 kwa sababu chini ya hapo samaki wengi wasiovuta hewa ya juu hawadumu. Kwa pacha, vigingi 8 kati ya 12 vinapita. Kwetu, 1.

Upitishaji umeme nao umesema lake. Kwa pacha, katikati na mtoni namba zinakaribiana sana. Kwetu zinaachana kuanzia kigingi cha pili tu. Maji ya mto hayaingii, mdomo umezibwa na mizizi.

Nikaenda mkutanoni tena. Safari hii sikusoma desimali. Nilichora mikono miwili nyuma ya kalenda ya mwaka jana, vigingi vinavyopita nikavipaka bluu, visivyopita nikaviacha. Yule mama alikuwa mbele kabisa. Akahesabu kwa kidole: nane, moja. Akasema, "Sasa nimeona." Mzee aliyekuwa anasema maji yalinuka tangu zamani aliomba kalenda, akaishika, akasema katikati palikuwa peupe, yeye mwenyewe alijifunza kuogelea pale.

Dawa imekataliwa. Msaragambo wa siku tatu nao umekataliwa, ingawa vijana walinung'unika. Tumekubaliana kufungua njia ya upana wa mita 5 kutoka mdomoni hadi kigingi cha sita, mita 20 kwa siku, Jumanne na Ijumaa tu. Kigingi cha saba hadi cha kumi na mbili hatugusi mpaka mwakani, ili tulinganishe. Gugu linapandishwa kwenye mwinuko ambako mafuriko hayafiki. Makovu ya fukusi tumeyaona, yapo lakini machache. Na ni lile la zamani, la zambarau. Salvinia hatujaiona, ila picha yake tumeibandika kwenye ofisi ya kijiji.

Tumeanza wiki mbili zilizopita, tuko mita 80. Siku ya kwanza tulipong'oa, kigingi cha kwanza kilishuka hadi 0.9 na maji yalitoka meusi kwa saa mbili. Nilishukuru kwamba hatukufanya yote. Jana asubuhi kigingi hicho kilisoma 2.7 na cha pili 1.8. Pacha hajabadilika, bado 8.

Maji ya kunywa nimewaambia watu wasichote Mkono hata kidogo, iwe bluu au isiwe bluu. Oksijeni haielezi habari za kinyesi cha ng'ombe.

---

MzeeWaMtumbwi · Alhamisi, saa 3:15 usiku

Mama, umenipa furaha leo. Njia hiyo mkishaifungua, viboko wataitumia na wataipanua wao wenyewe, hawana gharama. Ila kinyesi chao pia kitaingia humo kwa wingi. Huko juu, mbugani, viboko wakijazana kwenye vidimbwi na mto ukafurika ghafla, maji yale hushuka na samaki wanakufa bila mkono wa binadamu. Andika na viboko wangapi umewaona kila Jumatano.

---

Bureti_Mwanza · Ijumaa, saa 1:30 asubuhi

Katibu, zile nyota zako pembeni mwa namba zenye mashaka, usizifute kamwe, hata mtu akikwambia zinachafua daftari. Mtu asiyewapenda atakwenda kuangalia hapo kwanza.

Jambo moja limebaki. Miezi ya kiangazi ndiyo hii, maji yanapungua. Kigingi kikishuka kutoka mita moja hadi nusu mita, joto linapanda, oksijeni inabadilika, na njia yenu haihusiki kwa lolote. Je, unaandika kina cha maji kwenye kila kigingi?

---

KatibuMkono · Ijumaa, saa 1:52 asubuhi

Tangu wiki iliyopita naandika. Tumechonga alama kwenye vigingi kila sentimita 5. Kigingi cha pili kilikuwa 84 wiki iliyopita, juzi 79. Wa pacha 91, juzi 87. Viboko wanne, mmoja ana mtoto. Naongeza safu yao sasa hivi.